Rudi Jumamosi: dada Mwaisha na filamu aliyoigomea mjomba wake

MJOMBA MANENO AMECHEKAAAA! Jamani amecheka! Mbele ya ukumbi mzima wa watu wa Bigwa, kiti cha mbele kabisa, kacheka mpaka kofia ikadondoka, kaiokota, kaivaa, kaanza kucheka tena ikadondoka tena! Tangu jana nimeshawahadithia watu kama ishirini na bado naona haitoshi, ndo maana nimekaa naandika. Nina bando, nina chaji, tulieni.

Kama humjui Mjomba Maneno na hujui kicheko chake kinatuhusu nini, subiri, inabidi nianzie kwa dada Mwaisha.

Dada Mwaisha ni jirani yetu. Nyumba yao na yetu katikati kuna mfenesi tu. Ana miaka thelathini na mbili, mrefu, anatembea haraka kama anakimbia mvua, na kazi yake ni kutunga na kuongoza filamu za mapenzi za kuchekesha. Sio zile za kulia, mmoja anakufa, mwingine anakuwa kichaa. Hapana. Zake watu wanapendana, wanavurugana, unacheka mpaka mbavu zinauma, mwisho wanaoana. Ukimuuliza kwa nini kwenye filamu zake hafi mtu anakwambia, "Kumuua mtu ni mstari mmoja tu. Jaribu kuandika mashangazi wawili wakubaliane rangi ya sare."

Alianzaje? Alimaliza form four, matokeo hayakumfurahisha mtu, akapata kazi Msamvu, kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, vile vya kuwekewa muvi kwenye flashi. Wasafiri wanataka kitu cha kuangalia njiani, basi linakaribia kuondoka, hawana muda wa kuchagua. Wanauliza, "Dada, hii inahusu nini?" Na dada Mwaisha nusu ya zile muvi alikuwa hajaziona! Basi anatunga. Palepale, mkono uko kwenye kompyuta.

"Hii? Hii kuna jamaa anaenda kujitambulisha ukweni. Anaingia na aibu zake, anakanyaga sufuria la uji la mama mkwe, mguu unanasa. Anatambulishwa kwa ukoo mzima na sufuria liko mguuni."

Watu wanabeba. Wiki inayofuata wanarudi wamevimba. Kuna baba mmoja dereva wa lori alikuja anagonga meza na flashi.

"We binti! Nimeangalia mpaka mwisho, mpaka yale majina yanapanda. Sufuria liko wapi?"

"Shikamoo baba. Sufuria gani?"

"Marahaba. Sufuria la uji! Mimi nilichukua kwa sababu ya sufuria!"

Dada Mwaisha akaona hapa hakuna pa kukimbilia. Akamvutia kreti la soda, akamkalisha, akamhadithia filamu nzima kwa mdomo, mama mkwe, uji, mpaka harusi. Yule baba alicheka akajifuta machozi kwa leso, akaondoka bila hata kuwekewa muvi nyingine. Dada Mwaisha anasema siku ile ndo alijua kwamba watu hawafuati muvi, wanafuata sufuria.

Basi akaanza kuzitengeneza mwenyewe. Simu yake ya kwanza yenye kamera ya maana alipewa na mjomba wake, ndo huyo Mjomba Maneno, kumbukeni hilo. Akampata Oscar, mpiga video wa maharusi, ambaye alikuwa amechoka kupiga watu wanakata keki. Wakawa wanatoa vipande vya dakika tatu tatu mtandaoni. Cha kwanza upepo mtupu, husikii mtu. Cha pili walirekodi siku ya maulidi ya jirani, kwa hiyo wapendanao wananong'onezana na nyuma kaswida inaendelea. Cha tatu ndo kile cha sufuria. Wee! Kilizunguka Morogoro yote. Mpaka leo akipita Msamvu wanamwita Mama Sufuria.

Miaka saba ya vipande vifupi. Mwaka jana akasema basi, sasa natoa filamu nzima ndefu. Jina: Posa Imepanda Mlima.

Hadithi yake ni hivi. Kijana wa mjini, anaigizwa na Luqmani, fundi simu mwenye sura ya upole, anampenda binti wa Kiluguru. Sasa kwetu Waluguru, kwa wale wa mikoa mingine niwaambie, ukoo ni wa mama. Mjomba ndo mwenye sauti. Baba yako anaweza akakubali akapiga na vigelegele, mjomba hajasema kitu, hakuna posa. Na mjomba wa kwenye filamu anakaa juu mlimani, bodaboda inakufikisha nusu, zilizobaki ni ngazi za mawe na pumzi yako. Kijana anapanda na wazee wake, jasho linatiririka, wanafika, mjomba anakohoa mara mbili, anasema, "Rudi Jumamosi." Wanashuka. Jumamosi wanapanda. "Leo kuna mawingu. Rudi Jumamosi." Yaani mpaka Luqmani anaota misuli ya miguu.

Mjomba wa kwenye filamu anaigizwa na Yunusi, fundi cherehani wa hapa Bigwa. Binti aliigizwa na dada Mwaisha mwenyewe, maana aliyetakiwa alipata kazi Dodoma. Na nyumba waliyorekodia ni ya Mjomba Maneno, juu huko, nyumba halisi ya ukoo wao, yenye uwanja, ngazi za mawe na migomba nyuma. Mjomba alikubali bila shida. Wakati wanarekodi yeye alikuwa shambani, hakuona kinachosemwa. Na kofia yake waliiazima, akaivaa Yunusi.

Umeshaona ajali inavyokuja?

"Rudi Jumamosi" ni maneno yake Mjomba Maneno! Ya kweli! Ukienda kumuomba jembe, rudi Jumamosi. Mbegu za viazi, rudi Jumamosi. Kijiji kizima kinajua. Dada Mwaisha aliyachukua kama yalivyo, na kukohoa mara mbili, na kofia juu.

Ikawa imebaki sehemu moja tu ya kurekodi, ile ya mwisho, posa inakubaliwa pale pale uwanjani. Oscar kwa furaha akatoa trela, akaiweka status. Kwenye trela kuna sehemu binti amesimama uwanjani, mkono kiunoni, watu wamejaa, anamwambia mjomba wake: "Mjomba wewe, hata kuku wako wakitaka kutaga unawaambia warudi Jumamosi!"

Watu walikufa kwa kucheka. Trela ikaenda. Ikafika sokoni mjini siku ambayo Mjomba Maneno ameshuka na ndizi. Anatua mkungu, mtu anapiga kelele, "Mzee, rudi Jumamosi!" Soko zima kicheko. Yeye haelewi. Mama mmoja wa nyanya akamwonea huruma, akamwonyesha simu. Mjomba akaangalia kofia yake kwenye kichwa cha Yunusi. Akamwona mpwa wake. Akarudisha simu, akasema asante, akapanda mlima na ndizi zake.

Kesho yake dada Mwaisha na Oscar wakapanda kurekodi sehemu ya mwisho. Wakamkuta kakaa barazani.

"Shikamoo mjomba."

Kimya.

"Mjomba, shikamoo."

Mjomba akainuka, akaingia ndani. Jamani, mtu akikugombeza ujue bado mna mazungumzo, lakini asipoitikia shikamoo! Mke wa mjomba, tunamwita Mama Hafidhi, akatoka anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu," akasema, "amesema mrudi Jumamosi."

Oscar akacheka, alidhani ni mzaha. Mama Hafidhi hakucheka.

Sasa mwelewe uzito wake. Sehemu ya mwisho haiwezi kurekodiwa kwingine, uwanja ni ule ule watu wameshauona filamu nzima. Bila sehemu ya mwisho hakuna filamu, miaka saba inaishia kwenye trela. Na zaidi ya filamu, huyu ndo mjomba wake wa pekee. Dada Mwaisha alikonda. Mama yangu alikuwa anampelekea uji, anaurudisha.

Jumamosi ya kwanza akapanda peke yake na sukari na majani. Shikamoo, kimya. Akamwambia Mama Hafidhi, "Mwambie kofia nitaitoa. Tutarudia na kofia nyingine." Mama Hafidhi akaingia, akatoka. "Anasema kofia haijamkosea kitu. Rudi Jumamosi."

Jumamosi ya pili akapanda tena. "Mwambie yale maneno ya rudi Jumamosi nitayafuta yote." Mama Hafidhi akaingia, akatoka. "Anasema maneno ni yake kweli, hajayakana. Rudi Jumamosi."

Yaani dada Mwaisha akawa Luqmani! Anapanda anashuka! Oscar akamwambia, "Dada, filamu yako ndo imekugeukia," akaambiwa anyamaze.

Jumamosi ya tatu akakuta kuna arobaini. Bibi mmoja wa ukoo wao alifariki, siku hiyo ndo wanamaliza msiba. Kwa hiyo watu wamejaa, masufuria ya pilau, na watani wamekuja. Nyie, watani wa Kiluguru kwenye shughuli! Ukoo huu na ukoo ule ni watani tangu enzi hizo, mtani anaweza akalala kitandani kwako na matope miguuni, akachukua jembe lako mpaka utoe kitu, akakusema vyovyote, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika ni aibu yako.

Dada Mwaisha alikuwa nyuma anaosha vyombo na kina mama. Mara akasikia sauti ya Mama Modesta. Huyu Mama Modesta ni mtani wa ukoo wa mjomba, mama mzima, mfupi, sauti kama spika ya mnadani. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kavaa kofia ya Mjomba Maneno, kapewa na nani haijulikani, anakohoa mara mbili.

"Nyie mnaokula pilau hapa! Mnajua marehemu kafa na nini?"

"Kafa na nini?" watu wakaitikia.

"Alikuja kwa huyu Maneno kuomba tangawizi ya kikohozi. Maneno akamwambia rudi Jumamosi! Akasubiri, akasubiri, akaona bora aende zake!"

Uwanja ukapasuka. Na anayecheka kuliko wote, anajipiga mapaja, machozi yanamtoka, ni nani? Mjomba Maneno!

"Modesta, nipe kofia yangu!"

"Lete kuku!"

"Kuku gani, mlikula wote mwaka jana!"

"Basi rudi Jumamosi!"

Dada Mwaisha akabaki ameshika sahani, maji yanachuruzika mpaka miguuni. Kofia ile ile. Maneno yale yale. Kukohoa kule kule. Tena hii ya marehemu ni mbaya zaidi mara kumi! Na mjomba anacheka. Hapo ndo akaelewa, na anasema alijisikia mjinga kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mjomba hakukasirikia mzaha. Alikasirikia mdomo. Mpwa hamsemi mjomba wake mbele za watu na mkono kiunoni. Kamwe. Mtani ndo mwenye ruhusa hiyo. Hata mtoto wa darasa la pili kule juu anajua, na yeye kwa kuwaza sana watu wa mtandaoni watacheka wapi, ikampita.

Akaweka sahani, akamfuata Mama Modesta aliyekuwa anakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We si ndo yule uliyemtukana mjomba wako kwenye simu?"

"Ndo mimi mama. Nimekosea. Nataka yale maneno uyaseme wewe."

Mama Modesta akaacha kutafuna. "Kwenye filamu?"

"Kwenye filamu."

"Nitamsema Maneno mpaka Mwanza wasikie?"

"Mpaka Mwanza mama."

"Nipe kuku," akasema Mama Modesta. Hapo kuku akakubaliwa na kazi ikakubaliwa.

Na ni yeye aliyeenda kwa mjomba. Dada Mwaisha alisimama mbali nyuma ya migomba anasikiliza.

"Wee Maneno! Hawa watoto wanakuja kumalizia picha hapa kwako, na miye ndo nitakayekusema. Una neno?"

Mjomba akafikiria. "Ukinisema wewe sina neno, hiyo ni haki yako. Lakini ikiisha nitaiangalia yote. Nikimwona mpwa wangu ananisema hata mara moja, ifutwe isionekane popote."

"Umesikia huko kwenye migomba?" Mama Modesta akapaza sauti.

"Nimesikia mama!"

Mjomba hakugeuka kumwangalia.

Kurudi mjini, kilio kikawa cha Oscar. Binti alikuwa anamsema mjomba wake kwenye sehemu kumi na moja. Kumi na moja! Zote zitupwe, zirudiwe.

"Dada, si tubadilishe sauti tu? Tuweke sauti ya Mama Modesta juu."

"Oscar, tatizo sio sauti. Tatizo mdomo ni wangu."

Wakaanza upya kule kule juu, mjomba yuko shambani kama mwanzo, na ile sehemu ya mwisho nayo wakairekodi. Mama Modesta akapewa skripti, akaitazama kama bili ya umeme. "Miye nimseme Maneno kwa kusoma karatasi? Nimsahau nini, nimemsema tangu ana miaka kumi!" Skripti ikawekwa pembeni. Dada Mwaisha akawa anamwambia tu, hapa mjomba kagoma tena, na kamera inawashwa. Yaliyotoka pale hakuna mtu angeyaandika.

Sasa binti afanye nini, na hawezi kusema kitu? Dada Mwaisha alikaa na hilo siku mbili. Mwisho akaamua binti asiseme kabisa. Mama Modesta anaporusha maneno, kamera inamgeukia binti: ameinamisha kichwa kwa adabu zote, ameuma pindo la kanga asicheke, mabega yanatetemeka, macho yanamtoka, mara anakimbilia nyuma ya nyumba, unasikia tu kishindo cha debe alilojikwaa. Nawaambia ukweli, hiyo ndo inachekesha kuliko maneno yote aliyokuwa ameandika mwanzo. Yeye mwenyewe anakubali. Anasema miaka yote alikuwa anadhani mwandishi wa vichekesho kazi yake ni kutafuta la kusema, kumbe kuna mtu lazima umnyamazishe.

Haya, jana sasa. Jumamosi! Saa tisa alasiri, ukumbi wa hapa Bigwa, madirisha tumeyaziba kwa vitenge, projekta ya kuazima, watu mpaka wa Mzinga wamekuja. Mjomba Maneno akashuka na Mama Hafidhi, kofia kichwani, akakaa mbele. Dada Mwaisha alikuwa nyuma kabisa karibu na swichi, na alishatuambia, mjomba akinyanyuka tu, anazima. Oscar alikuwa hawezi hata kukaa.

Ikaanza. Luqmani anapanda mlima, watu wanacheka. Wanafika. Yunusi anakohoa mara mbili. "Rudi Jumamosi."

Hakuna aliyecheka! Ukumbi mzima umemeza kicheko unaangalia kofia moja tu kiti cha mbele. Kofia haijatikisika. Mara ya pili, "Leo kuna mawingu," kimya. Kuna mtoto alianza kucheka mama yake akamziba mdomo. Nikamwangalia dada Mwaisha, mkono uko kwenye swichi.

Halafu Mama Modesta akatokea kwenye ukuta, mkubwa kama nyumba, mkono kiunoni. "Maneno wewe! Hata kuku wako wakitaka kutaga unawaambia warudi Jumamosi!" Na kamera kwa binti, kanga mdomoni, mabega hayo, huyooo nyuma ya nyumba, debe, pwaa!

Ikasikika sauti mbele. Khh. Khh khh. Kama pikipiki inayokataa kuwaka. Halafu ikawaka! Mjomba Maneno kajikunja, kofia chini, anampiga piga Mama Hafidhi begani, "Ona anavyokimbia! Ona adabu yake! Mwanangu yule!" Basi ukumbi ukaachia vyote vilivyomezwa tangu mwanzo, nusu ya filamu hatukusikia.

Ilipoisha na taa zimewashwa, dada Mwaisha akapita katikati ya viti, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Marahaba." Mara mbili! Halafu akamwinua, akamfuta vumbi la goti kwa mkono wake mwenyewe, akauliza, "Haya, na nyingine lini?"

Jamani tulimwona dada Mwaisha anafungua mdomo. Neno liko pale kwenye ulimi, ukumbi mzima unaliona! Akafunga mdomo. Akashika pindo la kanga yake, akaliuma, mabega yakaanza kutetemeka.

Na nyuma huko ikatoka sauti kama spika ya mnadani:

"MANENO! RUDI JUMAMOSI!"

Basi ndo hivyo. Filamu haifutwi. Ukimaliza kusoma hii, naomba umtumie na mwenzako asome.